Frigo ya koperative haikufa, tunaiua sisi wenyewe



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mihogo. Leo sisi wa komite ya koperative moja ya wafugaji wa kuku tunaomba nafasi tuseme juu ya frigo. Siyo frigo ya mjini ya kuwekea bia. Tunasema ile frigo ya petroli ao ya gazi inayokaa pembeni ya depo, yenye moto mdogo chini yake, na ndani mna chanjo za kuku wetu.

Maoni yetu tunayaweka mbele, ili kila mtu ajue tunakokwenda. Mara nyingi tukisema «frigo imekufa», haikufa. Inasimama vibaya, ao inakosa hewa, ao imejaa masizi. Ni mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyaona kwa macho na kuyarekebisha kwa mikono, bila kungoja fundi wa mjini na bila kuandikia mfadhili barua. Kinachokosekana siyo frigo mpya. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye kujibu juu yake.

Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Frigo yetu ilikuja kwetu ikiwa imekwisha kutumika mahali pengine. Ilifanya kazi vizuri misimu miwili. Kisha, baada ya mvua nyingi, ikaanza kuchoka. Barafu ya juu ikayeyuka, maji yakatoka mlangoni. Kasiye akaongeza moto. Haikusaidia. Akaongeza tena, moshi mweusi ukajaa depo. Siku ya tatu tukafanya mkutano, na mkutano ukakata maneno mawili. La kwanza, tuandike barua ya kuomba frigo nyingine. La pili, na hapa ndipo tunasikia haya mpaka leo, tuchanje haraka kabla chanjo haijaharibika kabisa.

Chanjo ilikuwa imekaa siku tatu katika joto. Lakini wanachama walikuwa wamekwisha kulipa. Kuna mama aliyeuza mayai ya wiki mbili ili kuku wake waingie kwenye liste. Tuliogopa kumwambia kwamba feza yake imeyeyuka pamoja na barafu. Basi tukachanja. Kwa macho, ile chupa haikuwa na tofauti yoyote na chupa nzima. Rangi ileile, maji yaleyale.

Kiangazi kilipofika, ugonjwa wa Newcastle ukapita kwetu. Mnaujua: kuku anasinzia, mabawa yanashuka, mavi ya kijani, shingo inapinda. Waliochanjwa na wasiochanjwa walikufa sawasawa. Watu hawakusema kwamba frigo iliharibika, maana hatukuwaambia. Walisema: «Chanjo ya koperative ni maji tu.» Msimu uliofuata, wengi hawakuleta kuku. Ile imani tuliyoijenga miaka mingi ilimalizika ndani ya wiki moja, na bado hatujairudisha yote.

Frigo ilikuwa na shida gani? Hiyo tuliijua kwa mzee mmoja aliyekuja kununua mahindi. Zamani alikuwa akiangalia frigo ya chanjo za watoto kwenye kituo cha afya. Hakugusa moto. Aliomba sahani na maji. Akaiweka ile sahani ndani ya frigo, pale chini ya chumba cha barafu, akamimina maji kidogo. Maji yote yakakimbilia upande mmoja. Akatuangalia, akasema: «Baba, hii frigo haikufa. Inasimama tu mubaya. Na ninyi munaiongezea moto!»

Sakafu ya depo ilikuwa ya udongo. Mvua iliilainisha, uzito wa magunia ukaizamisha upande wa ukuta. Na yale magunia tuliyapanga mpaka nyuma ya frigo, ikawa haipumui tena. Tukaondoa magunia, tukaweka mbao ngumu chini ya miguu, tukasafisha bomba la moshi. Kesho yake, saa ileile, barafu ilikuwa imeanza kushika. Barua ya kuomba frigo mpya ilikuwa bado mfukoni mwa karani.

Juu ya nini kusimama vibaya kunaharibu frigo hii na hakuharibu kabati? Ni vizuri kila mwanachama aelewe. Frigo ya namna hii haina mota wala kitu kinachozunguka. Ilibuniwa mwaka 1922 na vijana wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, wakiwa bado wanafunzi Stockholm. Ndani ya mabomba yake ya nyuma mna maji, mna amonia, na mna hewa ya hidrojeni. Moto wa chini unachemsha yale maji. Amonia inatoka kama mvuke, inapanda, inapoa kwenye bomba la juu lililo nyuma, inageuka kuwa maji. Inateremka mpaka kwenye chumba cha barafu, na pale inakauka tena. Wakati wa kukauka inavuta joto la vitu vilivyomo, na hiyo ndiyo baridi yenyewe. Ni sawa na spiriti ambayo muuguzi anakupaka mkononi kabla ya sindano: inakauka, unasikia baridi. Kisha ile amonia inanywewa na maji, inarudi chini kwenye moto, safari inaanza upya.

Aliyeona watu wakipika kanyanga ataelewa haraka. Moto, mvuke, bomba, matone. Anajua pia kwamba bomba likikaa vibaya, matone hayafiki kwenye chupa. Kwa frigo ni vile vile: ndani yake maji yanateremka kwa uzito wake tu, hakuna pompi ya kuyasukuma. Ikiinama, maji yanakwama njiani, na moto unabaki unapika bomba lisilo na maji ya kutosha. Ukiongeza moto hapo, dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani inaungua, inaganda, na inaweza kuziba kabomba kadogo ka kupandisha maji. Wakati huo frigo inakufa kweli, na waliyoiua ni wale waliotaka kuisaidia. Sisi tulikuwa na bahati tu.

Shida hii siyo ya kijiji peke yake. Ulaya na Marekani, wenye kusafiri na magari ya kulala wanatumia frigo za namna hiihii kwa gazi, na gari likisimama kwenye mteremko, frigo inaacha kupoza. Kwa hiyo tusifikiri ni ujinga wa mashamba. Ni tabia ya chombo, na kila chombo kina adabu yake.

Basi frigo ikiacha kupoza, tunaomba kila komite ifuate njia hii, kwa mpango huuhuu, bila kuruka.

Kwanza, msiongeze moto. Toeni chanjo, mziweke kwenye koleman yenye barafu, mwandike saa. Chanjo isigusane na barafu moja kwa moja. Kama hakuna barafu karibu, ulizeni kituo cha afya mapema, siyo usiku wa shida.

Pili, pimeni kama imesimama sawa. Ombeni nivo kwa fundi wa kujenga. Kama haipo, chukueni chupa ndogo ya dawa, mjaze maji, mwache povu moja la hewa, mwilaze ndani ya frigo, chini ya chumba cha barafu. Povu likae katikati. Pimeni kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Wengi wanapima upande mmoja tu. Rekebisheni kwa mbao ao jiwe bapa lisilotikisika, siyo kwa karatasi iliyokunjwa.

Tatu, angalieni hewa. Joto linalotolewa nje ya chanjo lazima litoke kwa nyuma. Acheni nafasi ya shibiri moja ao zaidi kati ya frigo na ukuta, na juu pasiwe na kitu. Jua lisiipige. Dirisha la depo lifunguke, maana moto huu unakula hewa na unaweza kutoa moshi wenye sumu usioonekana. Mtu asilale katika chumba chenye frigo ya moto, hata mlinzi, hata wakati wa baridi.

Nne, angalieni moto wenyewe. Moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Ukiwa wa njano na unatoa moshi, unaleta masizi na hauleti baridi. Kwa frigo ya petroli, zimeni, ngojeni ipoe, kisha mkate utambi uwe sawasawa pande zote. Angalieni petroli: wachuuzi wengine wanachanganya na mazutu, na maji ya mvua yanaingia kwenye bidoni. Mimineni kidogo kwenye chupa nyeupe, mwache itulie. Maji yatakaa chini. Msijaze petroli moto ukiwaka, hata mara moja. Kwa frigo ya gazi, hakikisheni kwanza kwamba chupa haijaisha. Kutu ya bomba la moshi inaanguka juu ya kichwa cha moto na kukiziba, kwa hiyo kipigwe brashi. Lakini kale katundu kadogo kanakotoa gazi kasichokolewe na sindano, maana kakipanuka moto hautakuwa sawa tena. Kaoshwe kwa spiriti, kapulizwe. Mkitafuta mahali gazi linapotoroka, tumieni povu la sabuni, siyo kiberiti.

Tano, safisheni bomba la moshi. Ndani yake kuna chuma kilichopindapinda ambacho kinashika moto ili ukae karibu na bomba la kuchemshia. Kitoeni, piteni na brashi kutoka juu mpaka chini, kisha mkirudishe mahali pake. Tumeona frigo ambayo mtu alisafisha vizuri, akasahau kile chuma juu ya meza. Moto ulipita bure kama upepo.

Sita, angalieni mlango na barafu. Fungieni karatasi kati ya mlango na mpira wake, kisha mwivute. Ikitoka bila kushika, mpira umechoka ao umejaa uchafu. Barafu ikiwa nene ndani, inazuia baridi. Iyeyushwe, wala isivunjwe kwa kisu. Na mtu asiweke soda ya moto wala samaki wake mle. Frigo hii ina nguvu ndogo, kila soda inaiba baridi ya chanjo.

Saba, washeni na mngoje siku nzima, mchana na usiku. Frigo hii ni ya polepole. Tumeona watu wanasahihisha kitu kizuri asubuhi, na saa sita wanabadilisha tena kwa sababu «haijashika». Ngojeni.

Kama mmefanya yote hayo, moto ni wa buluu, bomba la nyuma chini lina joto kali, na ndani bado hakuna baridi, basi shida iko ndani ya mabomba. Mafundi wa zamani wana dawa moja: wanazima, wanatoa petroli ao gazi, wanangoja ipoe, wanaipindua frigo kichwa chini usiku mmoja, kisha wanaisimamisha, wanaiacha ipumzike na maji yashuke kabla ya kuwasha. Mara nyingine maji yaliyokwama yanarudi njiani. Inafaa kujaribu mara moja. Lakini kama bomba limezibwa na kutu, kupindua hakutasaidia.

Na mkisikia harufu kali ya kuchoma macho, ileile ya banda la kuku lililofungwa lenye mavi mabichi, hiyo ni amonia. Mkiona unga wa njano ao wa kijani kwenye bomba la nyuma, ni ile dawa ya kutu inayotoka nje. Hapo zimeni moto, fungueni milango, watoto watoke, muwe mbali. Msikubali fundi wa baiskeli aje kuchomelea. Ndani mna nguvu ya kusukuma, na hidrojeni inawaka. Frigo hiyo imekufa kweli, na sasa barua ya mfadhili ni ya haki.

Sasa tunarudi kwenye chanjo, maana frigo haikuletwa kwa ajili yake yenyewe. Chanjo zetu zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Termometa ikae ndani saa zote, na mtu aandike asubuhi na jioni kwenye kaye. Baridi ikizidi nayo ni hatari: frigo ya petroli inaweza kugandisha usiku, na chanjo zile za maji ambazo karatasi yake inakataza kugandishwa haziponi zikiyeyuka. Chanjo ya Newcastle inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko La Sota, lakini kuvumilia siyo kuishi milele. Karatasi ya ndani inasema siku ngapi. Zikipita, mwiteni veterineri. Akisema itupwe, itupwe mbele ya wanachama, na wanachama waambiwe sababu. Ni afadhali kusema «tumepoteza chupa» kuliko kuchoma kuku wa watu kwa maji ya bure. Sisi tulichagua uongo mdogo, na tulilipa sana.

Tunajua wengine watajibu: «Hizi frigo za moto zimepitwa, tuombe ya sola.» Hatuwapingi. Sola haili petroli, haina masizi, na penye uwezo tuipokee kwa mikono miwili. Lakini tuulizane kwa ukweli. Paneli isiyofutwa vumbi, nani ataifuta? Betri ikianza kuchaji simu za kijiji kizima, nani atasema hapana? Koperative iliyoshindwa kupima miguu ya frigo kwa sahani ya maji, itashindwa na sola pia, na hasara itakuwa kubwa zaidi.

Ndiyo maana tunaleta ombi letu kwa koperative zote. Tunamlipa mlinzi wa depo. Tunawapa komite soda siku ya mkutano. Lakini mwenye kuangalia frigo, ambaye anashika mali ya kila mwenye kuku, tunamwachia kazi ya bure, na ikiharibika tunamlaumu. Mchague mtu mmoja na msaidizi wake. Mumpe kitu kidogo kila mwezi. Kwenye bei ya kila kuku anayechanjwa, kateni kidogo kwa ajili ya petroli safi, utambi na brashi, na feza hiyo isiguswe kwa matanga wala kwa sikukuu. Mkutano mkuu usomewe kaye ya joto kama unavyosomewa kaye ya kasha.

Kwetu tumeanza hivyo. Aliyechaguliwa ni yule mama aliyeuza mayai yake kulipia chanjo iliyokufa. Tulipomwomba, alituuliza mbele ya watu wote: «Siku frigo itaacha kupoza, mutaniruhusu niseme?»

Tulijibu ndiyo. Jibu hilo tuliliandika kwenye prosè-verbo, na tunaomba koperative nyingine waliandike kwao pia.